Usilivue Sweta Kabla ya Nakapanya

Devota mwanangu,

Kukuuliza kama hujambo itakuwa unafiki, maana nimekuona saa nane hii ukipanda bodaboda kwenda Matogoro kumuaga shangazi yako, umekumbatia mfuko wa ndizi niliokutuma, unacheka na dereva kama mlibatizwa siku moja. Shangazi yako akimpata mtu wa kumsikiliza hamwachilii upesi. Basi nina mchana wote. Mlango wa kibanda nimeufunga nusu, mashine nimeifunika kanga, na anayetaka sweta la mtoto wake leo atarudi kesho. Kesho nitakuwa nalia, kwa hiyo arudi keshokutwa.

Alfajiri unapanda basi la Mtwara kwenda kusomea uuguzi. Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za kutomwazima mtu kitana nimeshazisema mpaka umechoka. Juzi nilianza tu kusema, "Na ile ndoo," ukanidakia, "Ifunikwe, mama." Hayo tumeyamaliza. Leo nakuandikia habari ya sweta.

Utakachosema nakijua, umeshakisema. "Mama, Mtwara joto, sweta nalipeleka wapi?" Nikakujibu kwamba asubuhi Songea ni baridi na madirisha ya mabasi hayafungi vizuri. Ukanitazama kwa lile jicho la baba yako la kujua kwamba mtu ana lake jambo. Ninalo, na ninalo miaka sita sasa. Lile ua la kifuani, unaloliita ua la bibi, si la bibi. Bibi yangu hakuwahi kushika sindano ya kufumia hata siku moja. Nilisema uongo, wewe ulikuwa mtoto ukauamini, na sasa umepanga kwenda nao Mtwara uwafundishe wenzako. Siwezi kukuacha uondoke hivyo.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikajitetea kabla hujanishtaki.

Unakumbuka ile simu aliyoninunulia baba yako, yenye ufa pembeni ya kioo. Wakati huo nilikuwa nafuma masweta ya shule tu, ya buluu na ya kijani, ya buluu na ya kijani, mpaka nikawa nayaota. Kazi ya mashine nilifundishwa na fundi mmoja hapahapa Mfaranyaki, Mungu amweke pema, lakini alikuwa mtu wa kuficha mikono. Akifika mahali pa kuanzishia kola anakugeuzia mgongo, anakutuma maji. Nilikaa kwake mwaka mzima na kola sikuijua. Nikafungua kibanda changu na kola zangu zinajikunja kama masikio ya mbuzi, na wateja wakanivumilia kwa kuwa mwingine hakuwepo karibu.

Ndipo siku moja nikatafuta kwenye simu namna ya kufuma kola isiyojikunja, nikaangukia kwa Mwalimu wa Njombe. Huyu unamjua kwa jina, ni yule mzee aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, halafu akaanza kufuma, mwanaume mzima, kwa sindano alizotengeneza kwa spoki za baiskeli na kuzisugua kwenye jiwe mpaka zikalainika. Aliandika kwenye blogu yake kwamba wenzake kilabuni wanamcheka, na kwamba kila anayemcheka anamfumia kofia, na sasa kilabu kizima kina kofia. Nilicheka peke yangu pale kwenye mashine. Lakini kilichonishika si kichekesho. Mwalimu alikuwa amepiga picha kola yake iliyoharibika, akaiweka hadharani, akaonyesha kwa kijiti mahali alipokosea na sababu yake. Mimi nilikuwa sijawahi kuonyeshwa kosa la fundi. Nilisoma mara tatu, nikafumua kola iliyokuwa mezani, nikaifuma upya, ikalala. Nilitaka kumpigia mtu simu nimwambie kola imelala, nikakosa wa kumpigia.

Kupitia kwa Mwalimu nikamfikia Mama Sharifa wa Nakapanya. Huyu anauza korosho na karanga kando ya barabara ya Tunduru, na anafuma kati ya basi moja na jingine. Anaandika hivyohivyo. Anaanza, "Assalaam aleikum ndugu zangu, leo tunafuma bega. Chukua vitanzi vyako vya upande wa kushoto," halafu katikati ya somo anakuambia, "Basi limefika, nitamalizia." Unabaki na bega nusu mkononi. Baada ya saa nzima au siku nzima anarudi, "Haya, limeondoka. Tulikuwa kwenye vitanzi vya kushoto." Nilikuwa nakasirika na kumpenda kwa wakati mmoja.

Ninataka uelewe, mama, watu hawa walikuwa nani kwangu. Sijawahi kuwaona. Mwalimu sijui hata ni mrefu au mfupi. Lakini nilipokaa kibandani asubuhi hadi jioni na mashine ikipiga kelele ileile, nilijua kwamba Njombe kuna mzee anasugua spoki na Nakapanya kuna mama anakodolea macho barabara huku anafuma, na kazi yangu ikaacha kuwa adhabu. Nikaanza kufuma kwa mkono tena, vitu visivyo vya shule. Nikajua rangi nyingine zaidi ya buluu na kijani. Blogu yangu mwenyewe niliifungua kwa ajili yao, nipate mahali pa kuwaonyesha nilichotoa kwao.

Na walikuwa na desturi moja, ambayo hakuna aliyeiandika mahali ila wote waliishika. Ukimaliza kazi ukaiweka, chini yake unaandika mistari miwili. Wa kwanza, mkono ulikotoka, yaani nani kakufundisha. Wa pili, umemfumia nani. "Mkono: Mwalimu, Njombe. Nimemfumia: mtoto wa jirani, anaanza darasa la kwanza." Basi. Wao wenyewe waliiita kutaja mkono. Mama Sharifa alikuwa anaupenda zaidi mstari wa pili. Aliandika mara nyingi kwamba uzi wake ukitoka Nakapanya yeye hauoni tena, angalau ajue umefika kifua cha nani.

Sasa nifike kwenye ua.

Mama Sharifa aliweka ua analoliita nyayo za kanga, vidole vitatu vitatu, vinapanda kifuani kama ndege amepita kwenye mchanga. Alilieleza mstari kwa mstari, mabasi manne yalipita katikati. Nililifuata nikakufumia sweta la kijivu na nyayo nyekundu, ulikuwa kidato cha kwanza. Lilitoka zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufuma. Ulilivaa, ukasimama mbele ya kioo cha kabati, ukajigeuza, na mimi nikajiona fundi kwa mara ya kwanza.

Wiki hiyohiyo kwenye sala za jumuiya mama mmoja alikuwa amesema, nami nikiwa nyuma yake tu, kwamba huyu naye ana ufundi gani, anaigaiga tu vya kwenye simu. Nilijifanya sikusikia. Lakini neno hilo nilirudi nalo nyumbani.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia blogu siku hizo, maana mimi nilitafuta herufi moja moja kama anayechambua mchele. Tulikaa mezani, picha ya kifua bila uso tumeshaiweka. Ulipofika chini ukaniuliza, "Mkono niandike nani, mama?" Nilikuwa na jibu, Devota. Lilikuwa mdomoni. Nikaona aibu kuonekana kila siku mimi ni mwanafunzi wa watu. Nikasema, "Andika bibi yangu, Namtumbo." Ukageuka, macho yamekutoka, "Kumbe bibi alikuwa anafuma?" Nikasema, "Sana."

Ukaandika kwa furaha, ukaongeza na maneno yako. Mstari wa pili ndio ulioukataa. "Usiniandike mimi, wenzangu shuleni watanicheka." Tukauacha wazi.

Uongo wangu niliusema kwa vidole vyako. Katika yote, hili ndilo linaloniuma zaidi, na nakuomba radhi kwa hilo peke yake kabla ya mengine.

Watu walisifu. Sijawahi kusifiwa vile. Mmoja akauliza mbona kwenye mstari wa saba kuna kitanzi kimoja kimegeuka, ndiyo ufundi au bahati mbaya? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilifuata tu alivyoeleza Mama Sharifa: mstari wa saba, kitanzi cha nne, geuza. Nikakwambia uandike kwamba bibi alisema hapo kanga amekanyaga jiwe. Ulicheka, ukasema bibi alikuwa mshairi. Nami nikacheka, huyo ndiye mama yako.

Halafu akaja Mama Sharifa mwenyewe. Aliandika, "Mashallah, limekaa vizuri kifuani. Na mstari wa saba umeushika vilevile." Hakuandika zaidi. Mimi, kwa ujinga wangu, nikajiambia hajagundua.

Miezi ikapita. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, nikawa nasoma maandiko yake ya zamani, ya kabla sijamfahamu. Nikakuta ameandika juu ya binti yake, Sharifa. Alikuwa na miaka saba, anakaa na mama yake barabarani. Mama akainuka kukimbilia basi na beseni la korosho, mtoto akachukua sindano, akafuma kitanzi kimoja, akakigeuza. Mama aliporudi akataka kufumua. Mtoto akamwambia, "Usifumue mama, hicho ni changu." Akakiacha, na tangu siku hiyo kila akifuma nyayo za kanga anakigeuza kitanzi kile kwa makusudi. Sharifa amekua, ameolewa nchi ya mbali, hafumi, na simu zake ni za Idi hadi Idi. Mama anasema kila akifika mstari wa saba anamwona amekaa pale kwenye kigoda, miguu haigusi chini.

Nilikuwa peke yangu kibandani na uso ukaniwaka kama nimesimamishwa mbele ya kanisa. Kitanzi cha mtoto wa watu nilikuwa nimekifanya jiwe.

Ungedhani nilimwandikia siku ileile. Nilijikausha. Nilisema wiki ijayo, nikasema baada ya Pasaka, nikasema nikipata nafasi. Naye akaendelea kuja kwenye blogu yangu kama kawaida, anasifu kofia, anauliza habari za mvua, hata siku moja hakunigusia. Laiti angenitukana, ningepata pa kuanzia.

Kisha baba yako akaugua. Wewe ulikuwa bweni, mengi hukuyaona, na nilitaka iwe hivyo. Niliacha kuandika. Mwalimu alikuwa anaacha neno kila Jumamosi kwenye kazi yangu ya mwisho, "Mama Devota, kiti chako kipo." Jumamosi hadi Jumamosi, mtu nisiyemjua sura. Sijui nani alimwambia Mama Sharifa kwamba nauguza, ila siku moja aliweka somo la kofia. Kofia laini isiyo na mshono wa nyuma, ili aliyelala chali isimuumize kichwa. Juu yake aliandika, "Hii ni kwa anayeuguza." Jina hakutaja.

Niliifuma kando ya kitanda cha hospitali, mchana, wauguzi wakipita na kuniuliza nafuma nini. Nadhani ndio hao waliokutia hamu ya uuguzi, ulivyokuja likizo ukawaona. Baba yako alivaa kofia ile, akaishikashika, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Aliyekufundisha kofia hii mwambie haibani masikio." Unajua alivyokuwa na masikio yake, kila kofia ilimbana. Nikamwambia nitamwambia.

Sikumwambia. Kuandika "Mkono: Mama Sharifa" kwenye kofia nilikuwa sina uso wa kuandika, wakati ua lake lipo palepale chini na jina la bibi yangu. Baba yako alifariki na salamu yake nimeikalia. Shukrani ya mtu aliyelala kitandani, ya maneno mawili, mimi nimeshindwa kuifikisha Nakapanya. Nilipokuwa nadanganya sikudhani nitafika hapo. Nilidhani nimechukua ua tu.

Nakusimulia haya kwa utulivu, usidhani nalia huku. Nililia mwaka ule, inatosha.

Jumapili mbili zilizopita ulinionyesha daftari lako. Umelitia jalada, umeandika kwa wino mwekundu, "Ua la Bibi." Ukaniambia utaanzisha kikundi cha kufuma na mabinti wenzako bwenini, na blogu yenu, na ukurasa wa kwanza umeshaandika habari ya bibi wa Namtumbo na kanga na jiwe. Ulinisomea. Unaandika vizuri, Devota, unaandika kuliko mimi. Nikasema, "Nzuri, mama." Halafu nikatoka kwenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Kule bombani ndipo nilipoamua.

Kwanza nilichukua sweta lako la zamani, lile la kidato cha kwanza, nikalifumua lote. Uzi uliokaa miaka sita kwenye sweta haukubali kunyooka, ulijikunja mezani. Nikauosha, nikauzungushia mgongo wa kiti, nikauning'inizia chupa ya maji mpaka ukatulia. Ndiyo ile chupa uliyoniuliza ya kazi gani. Umekua, uzi haukutosha, nikaongeza kijivu kipya kutoka kiunoni kwenda chini. Utaona rangi hazilingani sawasawa. Usimwambie mtu ni mtindo, mwambie uzi uliisha.

Nilipofika mstari wa saba, kitanzi cha nne, nilisimamisha sindano. Ingekuwa rahisi kukinyoosha, ua lote likawa safi, na hakuna ambaye angeuliza. Nikakigeuza. Kina mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nikamwandikia Mama Sharifa. Herufi moja moja, kwa kidole changu mwenyewe, nikatumia asubuhi nzima. Nilimwambia ua ni lake, bibi yangu hakufuma, nilijua, nikanyamaza. Nikamwambia na kofia. Nikamwambia, mume wangu alisema haibani masikio. Kisha nikaingia kwenye blogu, nikaandika hayohayo mbele ya watu, nikaweka na picha ya sweta jipya, ila chini sikuandika mkono. Sikutaka kumweka kwenye mstari ule kabla hajaniruhusu.

Wapo walionisema, na wana haki. Mmoja aliandika, "Kumbe," tu, na hilo moja lilinikaa siku mbili. Mwalimu akaandika, "Nimesoma. Nimesikitika kidogo. Sasa hiyo kola ya sweta jipya, mbona imelala vizuri kuliko zangu? Eleza." Nikaeleza. Nilieleza kwa kirefu na picha nikapiga, na mahali nilipokosea mara ya kwanza nikapaonyesha kwa kijiti kama yeye.

Mama Sharifa alikaa kimya. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, kimya. Nilikuwa nikikupangia nguo kwenye begi huku nachungulia simu, ukaniuliza nasubiri nani. Leo mchana, ulipokuwa unakula ugali, nikasema naenda kuangalia mlango wa kibanda, nilikuwa nimeona jina lake.

Ameandika hivi: "Mama Devota, barua yako nimeipata tangu Jumamosi, nilikuwa nayatafuta maneno. Ua nilijua tangu siku ya kwanza. Sikusema kwa kuwa sikujua una shida gani. Jina halikuniuma sana kama mstari wa pili ulivyouacha wazi. Miaka yote najiuliza lile sweta lilimwendea nani, kwa sababu... Basi limefika, nitamalizia."

Devota, nilisimama mlangoni mwa kibanda na simu mkononi, nasubiri basi la watu liondoke Nakapanya. Uliniita mara mbili, mama, mama, mboga inapoa.

Kisha: "Haya, limeondoka. Habari ya masikio imenifurahisha mno, Mungu amrehemu baba wa watu. Nyayo za kanga, endelea kuzifuma. Ila nijibu nililouliza. Ulimfumia nani?"

Nikamjibu, binti yangu, Devota, na kesho anapita hapohapo kwako akienda Mtwara.

Akaandika, "Basi avae. Mimi nakaa upande wanaposhukia abiria, nina beseni la korosho na kigoda. Mabinti kwenye mabasi ni wengi, lakini nitaangalia mstari wa saba."

Ndiyo maana ya sweta, mama.

Sikutumi ukaniombee msamaha, huo nimeuomba mwenyewe. Wala sikuagizi la kusema. Shuka tu basi likisimama, mwamkie, na kama umejifunga mtandio ufungue kidogo ili aone kifua. Mama yule hajaona kitanzi cha mwanawe kikimjia kutoka njiani. Kila siku kinaondoka. Mimi nilikuwa simwelewi vizuri mpaka wiki hii, nilipokuwa nakukunjia nguo nikakuta soksi moja ya utoto wako chini ya sanduku, nikakaa nayo mapajani bila sababu.

Na bibi, usimtupe. Ukipita Namtumbo tazama mabani ya kukaushia tumbaku, yale yenye moshi. Bibi yangu aliishi hapo. Sindano pekee aliyoijua ni ile ndefu ya kutungia majani ya tumbaku, na alikuwa akitunga haraka kuliko wanaume, huku anagombana na babu bila kutazama mikono. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu na havikutakata hata Krismasi. Nilipomfanya fundi wa masweta nilikuficha bibi wa kweli, na wa kweli alikuwa mtamu zaidi. Angesikia habari ya jiwe la kanga angecheka mpaka akae chini.

Daftari lako sijaligusa. Ukurasa wa kwanza ni wako, utaamua mwenyewe ubaki au uchanwe. Kikundi anzisha. Utakutana huko na watu watakaokuonyesha kitu, mwingine ni muuguzi mzee asiyejua kwamba anakufundisha, mwingine hutamwona sura maisha yako yote. Mimi nilichelewa kuwaambia watu hao kwamba nawapenda. Nawapenda, Devota. Mwalimu nampenda na spoki zake, na yule mama nampenda na mabasi yake. Nimeliandika sasa ili lisibaki kwangu tena.

Ukinikasirikia, usinifiche. Kasirika njiani, njia ni ndefu, na ukifika nipigie unikaripie, nitasikiliza mpaka umalize. Ila nipigie.

Barua hii naiweka kwenye mfuko wa chakula, juu ya mihogo, maana nakujua, njaa yako haijawahi kuvuka Namtumbo. Utakuwa umeshalivaa sweta. Ukifika Tunduru jua litakuwa limewaka na kijana wa kiti cha pili atakushangaa. Mwache ashangae. Usilivue kabla ya Nakapanya. Ukishaonana naye livue ulikunje, Mtwara kweli ni joto.

Nasikia bodaboda imesimama nje, na wewe unacheka tena na dereva.

Mama yako.

Mkono: Mama Sharifa, Nakapanya.
Nimemfumia: Devota, binti yangu.